Matete Mawili Mlangoni

Jinsi wazee wa Acholi walivyosaidia kuifukuza Ebola

Katika nchi ya Waacholi, kaskazini ya Uganda, iko ishara ya zamani ambayo haimhitaji mtu kujua kusoma. Mgeni akifika nyumbani kwa mwenzake akaona matete mawili marefu yamesimamishwa mlangoni, moja upande huu na moja upande wa pili, hapigi hodi. Hageuki nyuma kwa ugomvi wala kwa dharau. Ameambiwa bila maneno kwamba ndani ya nyumba ile mna ugonjwa mbaya, na ya kuwa apendaye jamaa zake asiingie.

Ishara hiyo ilikuwa imelala kwa miaka mingi. Mwaka wa 2000 iliamka tena, wakati ugonjwa wa Ebola ulipoingia wilaya ya Gulu. Nataka kuwaeleza wasomaji habari hiyo, kwa sababu mara nyingi twasikia maneno mawili yasiyo kweli. La kwanza ni kwamba ugonjwa mkubwa ukija, kazi yote ni ya madaktari na Serikali, na raia hana la kufanya ila kungoja. La pili ni kwamba desturi za wazee wetu ama zote ni ujinga utupasao kuuacha, ama zote ni hekima isiyoguswa. Mambo ya Gulu yalionyesha kwamba wasemao hivyo wote wamekosea.

UGONJWA ULIVYOGUNDULIWA

Gulu wakati ule ilikuwa nchi yenye taabu nyingi. Vita vilikuwa vimewatoa watu mashambani mwao, na maelfu walikuwa wakikaa katika kambi, vibanda vimesongamana, maji ni haba. Mahali kama hapo ugonjwa wa kuambukiza hukuta kuni kavu.

Mwezi wa Septemba watu walianza kufa kwa homa isiyojulikana. Mwanzo wa Oktoba wauguzi wanafunzi wa Hospitali ya Mtakatifu Maria, Lacor, wakaanza kufa pia. Daktari Matthew Lukwiya, aliyekuwa mkuu wa waganga wa hospitali hiyo, alikuwa Kampala kwa masomo. Aliitwa, akarudi upesi. Usiku ule hakulala. Aliketi akasoma madaftari na karatasi za wagonjwa, moja baada ya moja, akalinganisha homa na homa, kifo na kifo. Asubuhi alikuwa amekwisha kutambua kwamba yanayotokea si malaria wala kipindupindu. Hakungoja barua ipande ngazi kutoka ofisi hii mpaka ofisi ile. Aliwaarifu wakubwa wa Kampala mara moja, akawatenga wagonjwa hata kabla majibu ya damu hayajarudi. Damu ilipopimwa Afrika ya Kusini, katikati ya mwezi ule, ilithibitishwa kwamba ni Ebola.

Na hapa sisi makarani tuna jambo la kujifunza. Daktari yule aliukamata ugonjwa kwanza katika maandishi. Kama mwandishi wa daftari angaliandika kwa uvivu, au angaliacha mistari mitupu, daktari angalisoma nini usiku ule?

NAMNA EBOLA INAVYOAMBUKIZA

Kabla sijaendelea, yafaa tuelewe adui tunayemzungumza. Ebola huletwa na kirusi, yaani kijidudu kidogo mno kisichoonekana kwa macho. Ulijulikana mara ya kwanza mwaka 1976, katika Yambuku nchini Zaire, ambayo sasa yaitwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na katika Nzara upande wa Sudan. Jina lake ni jina la mto ulio katika nchi ile ya Yambuku.

Mtu akiambukizwa hukaa kati ya siku 2 na 21 kabla hajaugua, na katika siku hizo hamwambukizi mwenzake. Kisha huja homa, maumivu ya kichwa, koo na viungo, na uchovu mkubwa. Baadaye kutapika na kuhara, na wengine hutokwa damu. Ugonjwa haupeperushwi na upepo kama vumbi. Hupita kwa kugusa damu, matapishi, kinyesi, jasho na maji mengine ya mwili wa mgonjwa, au nguo na matandiko yaliyochafuka. Tena mgonjwa akifa hatari haifi pamoja naye. Mwili wa maiti ndio wenye kuambukiza sana.

Msomaji akitazama vema ataona ubaya wa ugonjwa huu. Mwizi huingia kwa mlango ulioachwa wazi kwa uvivu, lakini Ebola huingia kwa mlango wa upendo. Humshika mama ampanguzaye mtoto wake, mke amwinuaye mumewe anywe maji, muuguzi aliye hodari wa kazi, na ndugu waoshao maiti kwa heshima. Mtu mwenye moyo mgumu, akimbiaye jamaa zake, huenda akaokoka, na mtu mwema akafa. Kwa hiyo kumwambia raia “jihadhari” hakutoshi. Hapana budi aonyeshwe njia ya kumtunza mgonjwa wake pasipo kufa pamoja naye.

AMRI ZA WAZEE

Njia hiyo Waacholi walikuwa nayo. Wataalamu waliofika Gulu kuchunguza mila, akiwamo Barry Hewlett wa Marekani pamoja na Richard Amola, waliwauliza wazee na waliopona, wakayaandika waliyoyasikia, na habari zao zikachapishwa mwaka 2003.

Mwanzoni watu walidhani ni ugonjwa wa kawaida, wakatafuta dawa kila mahali, hospitali na kwa waganga wa kienyeji. Walipoona watu wa nyumba moja wanafuatana kaburini, wazee walisema kwamba huu ni ‘gemo’. Kwa Waacholi, gemo ni pepo mbaya ajaye ghafula kama upepo, akaua watu wengi kwa muda mfupi. Na mara gemo anapotambuliwa, maisha ya kila siku husimama, zikafuatwa amri maalumu walizoachiwa na wazee wao, waliozitumia zamani wakati wa ndui na surua.

Amri zenyewe ni hizi. Mgonjwa awekwe katika nyumba ya peke yake, mbali na nyumba nyingine kadiri ya mita 100, wala asitembelewe. Amtunzaye na kumlisha awe mtu aliyepata kuugua ugonjwa huo akapona. Asipopatikana, awe mzee mwanamume au mwanamke. Mlango utiwe alama ya matete mawili, na kijiji chenye wagonjwa kiwekewe alama njiani ili wajao wajue. Kila mtu akae kwake, asitembee kijiji kwa kijiji. Chakula cha wageni kisiliwe. Wenye mimba na watoto wajitenge zaidi na wagonjwa. Ngoma zisichezwe. Mume na mke wasikutane kimwili. Nyama iliyooza au iliyokaushwa kwa moshi isiliwe. Ndani ya nyumba pasiwe na maneno makali wala ugomvi. Mgonjwa akipata nafuu akae mahali pake mpaka mwezi mwandamo mzima upite, ndipo atoke. Na akifa, azikwe na mtu aliyepona ugonjwa huo, au aliyewatunza wengi asiugue, na kaburi liwe pembeni mwa kijiji.

Mkristo au Mwislamu aweza kuikataa habari ya pepo, na daktari pia ataikataa. Lakini kila mmoja azitazame amri zenyewe, aziweke kando ya zile alizozileta daktari. Kumtenga mgonjwa, kumchagua mtunzaji mmoja, kutia alama, kuzuia safari na mikutano, kuzika kwa tahadhari: ni zile zile. Amri ya mwezi mwandamo ni siku 29 au 30, nazo zapita siku 21 ambazo madaktari huzihesabu kwa mtu aliyemgusa mgonjwa. Amri ya kutokutana kimwili nayo si ya bure, maana imejulikana baadaye kwamba kirusi chaweza kukaa katika manii ya mwanamume aliyepona kwa miezi mingi. Wazee hawakuwa na darubini. Walikuwa na macho, na kumbukumbu za watu waliozikwa.

Basi Serikali ya Uganda ilipokataza mikutano, ngoma na mazishi ya watu wengi, watu wa vijijini hawakuona kwamba mgeni ameleta sheria ya ajabu. Waliona Serikali inasema yale waliyoyasema wazee. Watu wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu, na viongozi wa mabaraza ya vijiji, walipita nyumba kwa nyumba kuulizia wagonjwa na kuwafuata wale waliowagusa. Watu waliacha kupeana mikono, jambo gumu sana kwetu sisi ambao salamu ya mkono ni nusu ya adabu.

Sitaki mtu adhani kwamba wazee peke yao waliushinda ugonjwa. Hospitali za Gulu na Lacor zilifungua wodi za kuwatenga wagonjwa, na chumba cha kupima damu kikawekwa pale pale Lacor ili majibu yasicheleweshwe. Pasipo hivyo wengi zaidi wangalikufa. Ninachosema ni kwamba daktari alikuwa na mkono mmoja na raia alikuwa na mkono wa pili, na mzigo ule haukuweza kuinuliwa kwa mkono mmoja. Ulipotangazwa mwisho wa ugonjwa, tarehe 27 Februari 2001, waliougua walikuwa 425 na waliokufa 224. Kati ya wagonjwa hao, 393 walikuwa wa Gulu. Masindi walikuwa 27, na Mbarara 5.

DESTURI IOKOAYO NA DESTURI IUAYO

Penye wazee haliharibiki neno, lakini si kila desturi iliyokuwa rafiki katika siku zile. Kwa Waacholi, mtu akifa huitwa shangazi, dada wa baba yake, aje kuosha mwili na kuuvika nguo nzuri. Asipokuwapo shangazi, hutafutwa mwanamke mtu mzima wa ukoo. Hii ni heshima kubwa, na shangazi aikataaye aweza kuambiwa kwamba hakumpenda marehemu. Tena waombolezaji hunawa mikono katika bakuli moja, na wengine humgusa marehemu usoni kumwaga buriani.

Fikiri sasa, ewe msomaji, juu ya shangazi huyo. Ameitwa, amekuja kwa machozi, ameosha mwili wenye kirusi, na ameichukua hatari kwa mikono yake mwenyewe. Baada ya siku chache yeye naye aweza kulala, na shangazi mwingine akaitwa. Ndivyo ilivyokuwa, na ndiyo sababu moja ya wanawake kuumia sana katika Gulu.

Lakini desturi ya gemo ilikuwa na neno juu ya jambo hili pia. Ilisema kwamba wakati wa gemo mazishi si ya shangazi; ni ya aliyepona, na kaburi si la uani bali la pembeni. Yaani wazee wa zamani walikwisha kuona kwamba kuna desturi ya siku za amani na desturi ya siku za hatari, na ya pili huifunga ya kwanza kwa muda. Aliyewaambia watu kwamba mila yao ni mbaya alipigana na ukoo mzima. Aliyewakumbusha kwamba mila yao wenyewe huamuru hivi katika siku kama hizi alisikilizwa.

Hata hivyo palikuwa na uchungu. Watu waliokufa hospitalini walitiwa katika mifuko na kuzikwa na wageni waliofunikwa nguo toka kichwa mpaka miguu. Jamaa ambao hawakuona sura ya maiti yao walinung’unika, wakauliza: nitajuaje kwamba aliyezikwa ni ndugu yangu? Swali hilo si la ujinga. Ni swali la haki, na mahali lisipojibiwa, watu huwaficha wagonjwa wao.

Daktari Lukwiya mwenyewe alikuja kulipa deni hilo la uchungu. Mwezi wa Novemba, baada ya kumhudumia muuguzi mmoja aliyekuwa akifa, aliambukizwa. Alifariki tarehe 5 Desemba 2000. Zaidi ya wafanyakazi kumi wa hospitali yake walikufa katika miezi ile. Alizikwa katika uwanja wa hospitali kwa amri zile zile alizowawekea wengine: wazikaji wamejifunika, na jamaa na umati wa watu wamesimama mbali. Hakuna aliyeweza kusema kwamba sheria ilikuwa ya maskini tu.

SI WAACHOLI PEKE YAO

Huenda msomaji akasema kwamba mambo haya ni ya kabila moja tu, sisi wengine hayatuhusu. Sivyo. Huko Yambuku mwaka 1976, madaktari wa kigeni walipofika waliona vijiji vingine vimekwisha kuziba njia zao na kuweka walinzi, kama walivyofundishwa na wazee wakati wa ndui. Katika mlipuko ule waliugua watu 318 wakafa 280. Ni vigumu kujua hesabu ingalifika wapi kama njia zile zingaliachwa wazi.

Hesabu kubwa kuliko zote ilikuja baadaye, katika Afrika ya Magharibi. Ugonjwa ulianza mwezi wa Desemba 2013 katika kijiji cha Meliandou, nchini Guinea, ukaingia Liberia na Sierra Leone, na kabla haujaisha mwaka 2016 uliwashika watu zaidi ya 28,600, wakafa zaidi ya 11,300. Shirika la Afya la Dunia lilieleza kwamba mazishi ya mganga mmoja wa kienyeji katika Sierra Leone, mwaka 2014, yalihusishwa na vifo vipatavyo 365. Maiti mmoja, waombolezaji wengi, na kila mwombolezaji amerudi kwao.

Serikali za huko zilitaka kufanya upesi, lakini upesi bila mashauri huzaa ukaidi. Katika Monrovia, mji mkuu wa Liberia, mwezi wa Agosti 2014 iliamriwa kwamba maiti wote wa Ebola wachomwe moto. Kwa watu ambao huyatembelea makaburi ya wazee wao kila mwaka, amri hiyo ilikuwa kama kufiwa mara mbili. Wengine wakaficha wagonjwa, wakazika usiku. Mwezi huo huo mtaa mzima wa West Point, wenye maelfu ya maskini, ulizungushiwa askari. Pakawa na ghasia, kijana mmoja akapigwa risasi akafa, na baada ya siku kumi Serikali ikauondoa uzio. Mwisho wa mwaka ule kiwanja cha mazishi kilipatikana nje ya mji, uchomaji ukaachwa, na jamaa wakaruhusiwa kusimama mbali na kuona kaburi la mtu wao. Kaburi lenye jina liliwavuta watu kuliko bunduki.

Huko Sierra Leone, katika wilaya ya Kailahun iliyopigwa mwanzo, machifu wakuu walikaa barazani wakatunga sheria zao: asiyetoa habari ya mgonjwa atozwe faini, aoshaye maiti kwa siri atozwe faini, mgeni asipokewe pasipo chifu kujua. Vijana waliwekwa njiani kuangalia waingiao. Sheria ya chifu ilifuatwa kwa sababu chifu ajulikana, naye alijua nani anaficha nini.

WALIOPONA

Mlipuko wa pili kwa ukubwa ulitokea karibu na kwetu, katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, nchi ambayo watu wake wengi husema Kiswahili. Ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 ukaisha tarehe 25 Juni 2020. Waliougua walikuwa 3,470, na waliokufa 2,287. Safari hii palikuwa na silaha mpya. Chanjo ilikwisha kupatikana, na watu zaidi ya 300,000 wakachanjwa.

Pamoja na hayo ugonjwa ulichukua karibu miaka miwili. Kwa nini? Kwa sababu watu wa Beni na Butembo, walioteswa na vita miaka mingi bila kusaidiwa, waliona magari mengi mapya yanakuja kwa ajili ya ugonjwa mmoja tu, wakashuku. Mwezi wa Desemba 2018 uchaguzi uliahirishwa katika miji hiyo, na mojawapo ya sababu zilizotolewa ilikuwa Ebola. Wengi wakasema ugonjwa ni hila za siasa. Vituo vya matibabu vilichomwa. Tarehe 19 Aprili 2019 Daktari Richard Mouzoko, mtu wa Cameroon, aliuawa Butembo akiwa kazini. Chanjo ilikuwa kwenye barafu, lakini imani haikuwako.

Walioanza kuirudisha imani hiyo ni watu wa pale pale, na hasa waliopona. Mtu aliyepona Ebola huwa na kinga, hivyo aliweza kukaa na mgonjwa kwa usalama kuliko wengine. Katika Beni na Butembo waliopona waliajiriwa kuwalea watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wamelazwa wodini. Mama aliyekuwa akiogopa kwenda hospitali kwa sababu ya mtoto wake alimwona mwanamke wa mtaa wake, asemaye lugha yake, aliyetoka katika wodi ile ile akiwa hai. Neno la mtu kama huyo lapita hotuba kumi. Na tukumbuke kwamba wazee wa Acholi walikwisha kusema zamani: amtunzaye mgonjwa awe aliyepona.

Sayansi nayo imekuja kuwashukuru waliopona kwa njia yake. Mwaka 1995, ugonjwa ulipokuwa Kikwit katika Kongo, Profesa Jean-Jacques Muyembe na wenzake waliwatia wagonjwa 8 damu ya waliopona, na 7 wakaokoka. Baadaye, kutokana na damu ya mtu mmoja aliyepona Kikwit, wataalamu walitengeneza dawa ambayo mwaka 2019, katika majaribio huko huko Kongo, ilionekana kuwa mojawapo ya dawa mbili zilizookoa wagonjwa wengi kuliko nyingine.

Lakini ni aibu kusema jinsi waliopona walivyopokewa mara nyingi na jirani zao. Katika Gulu wengine walirudi nyumbani wakakuta nguo zao zimechomwa, na wengine wamekataliwa na waume zao. Hospitali ziliwapa hati ya kuthibitisha kwamba wamepona, ili waionyeshe kijijini. Hapa desturi ya gemo ilikuwa na huruma kuliko hofu za siku hizi, maana iliweka mwisho: mwezi ukipita, mtu ni mtu tena, na wala si mtu tu, bali ni mtunzaji wa wengine.

YATUPASAYO

Dawa na chanjo nilizozitaja ni za aina ya Ebola iitwayo Zaire. Aina iliyoua Gulu yaitwa Sudan, nayo ilirudi Uganda mwezi wa Septemba 2022, wakati ambapo haikuwa na chanjo iliyothibitishwa. Waliougua kwa hakika ya vipimo walikuwa 142, na 55 kati yao wakafa, kabla mwisho haujatangazwa tarehe 11 Januari 2023. Kwa muda wa miezi ile minne, silaha kubwa ilikuwa ile ya zamani: kutoa habari mapema, kujitenga, kufuata waliogusana, na kuzika kwa tahadhari. Na malori yatokayo Kampala hupita Malaba na Busia kila siku. Mpaka haukizuii kirusi. Humzuia dereva tu, apate kupigwa mhuri.

Basi yatupasa nini? Kwanza, tutoe habari mapema. Mtu atakayeona jirani wawili watatu wanakufa kwa homa inayofanana asingoje wa nne. Aende kwa mzee wa kijiji, au kwa chifu, au kituo cha afya, aseme. Daktari Lukwiya aliokoa wengi kwa kutongoja. Na raia pia aweza.

Pili, wenye mamlaka waulize kabla ya kuamuru. Anayekwenda kijijini kukataza mazishi aanze kwa kuwauliza wazee: zamani, wakati wa ndui, mlikuwa mkizikaje? Mara nyingi atakuta jibu alilokuja nalo limekwisha kuwako pale, nalo litatiiwa kwa sababu si lake.

Tatu, raia nao wawe tayari kuiacha kwa muda desturi iuayo. Kuosha maiti ni heshima; kuwaacha yatima nyumba nzima si heshima. Marehemu mwenyewe, kama angaliweza kusema, asingalipenda shangazi yake amfuate.

Nne, tuwapokee waliopona. Nyumba imfukuzayo aliyepona yajifukuzia muuguzi wake wa kesho.

Na la mwisho ni kwa makarani wenzangu na kwa kila mkulima ajuaye kuandika. Mgonjwa wa mwisho wa ndui aliyeambukizwa kwa njia ya kawaida alipatikana Merca, Somalia, mwaka 1977, na mwaka 1980 dunia ilitangaziwa kwamba ugonjwa huo umekwisha. Twashukuru. Lakini wazee waliouona ndui, waliojua nyumba ilitiwa alama gani na mgonjwa alitengwa siku ngapi, wanapungua kila mwaka, na wanakwenda na maarifa yao. Amri za Waacholi ziliandikwa kwa sababu watu wawili walikwenda wakauliza. Za kwetu je, ni nani ameziuliza? Chukua daftari na kalamu, ewe msomaji, umwendee babu au bibi yako Jumapili hii, uketi naye kivulini. Mwulize, uandike tarehe na jina lake, na ukiweke kitabu hicho mahali pasipo mchwa.